Tathmini ya metafor, kwa anayejumlisha majibu ya wagonjwa

Hukumu yangu naitoa mapema, kwa ajili ya mwenye haraka: kwa kazi ya kukusanya majaribio ya tiba na kuyajumlisha kupata jibu moja, sijaona programu ya bure inayoishinda metafor. Naisifu kwa moyo wote. Ila ipo kazi moja ambayo haikufanyii: kujua kama vitu unavyovijumlisha vinajumlishika kweli, na kama jibu likitoka litamwambia mgonjwa jambo analoweza kulielewa. Nitakaa zaidi hapo, maana nimesoma makala nyingi za fani yangu ambazo hesabu yake ni safi kabisa na bado sijui nimwambie nini mtu aliyeketi mbele yangu.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, Dar es Salaam, na wagonjwa wangu ni wa mapafu. Wapo wenye ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, unaoletwa na sigara na kwa wengine moshi wa kuni na mkaa. Wapo waliougua kifua kikuu, wakamaliza dozi, vijidudu vikaisha, lakini mapafu yakabaki na makovu na pumzi haikurudi kama zamani. Tiba yangu ni mazoezi: kutembea, kupanda ngazi, kuinua uzito mdogo, kujifunza kupumua. Kipimo cha kupuliza hakionyeshi sana faida yake, kwa sababu mazoezi hayazibui njia za hewa zilizokwisha kuharibika. Kinachobadilika ni uwezo wa mtu kuoga bila kukaa chini katikati, kupanda daladala, kulala usiku. Hayo huyajui mpaka umuulize mwenyewe, ndiyo maana tafiti zetu zimejaa hojaji.

Na hojaji ziko nyingi, kila moja na mizani yake. CRQ, iliyotoka kwa Gordon Guyatt na wenzake wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, mwaka 1987, ina maswali 20 yaliyogawanywa katika maeneo manne: kukosa pumzi, uchovu, hali ya moyoni, na kujimudu mbele ya ugonjwa. Kila swali hujibiwa kwa alama 1 hadi 7, na alama zikipanda, mgonjwa ana nafuu. SGRQ ya London, kazi ya Paul Jones na wenzake, ina maswali 50 na jumla yake huenda kutoka 0 hadi 100, lakini yenyewe imegeuzwa: alama zikipanda, hali ni mbaya. CCQ ni fupi, maswali 10, alama 0 hadi 6, nayo pia kupanda ni kuzidiwa. Hii ya mwisho ndiyo iliyotumika Uganda katika utafiti uliochapishwa 2017, wa mazoezi kwa watu waliobaki na mapafu mabovu baada ya kifua kikuu. Sisi wa ukanda huu tunauthamini sana utafiti ule, kwa kuwa wagonjwa wake wanafanana na wa kwetu.

Sasa una majaribio kumi na kitu mezani. Haya yametumia CRQ, yale SGRQ, mawili yametumia zote. Unayajumlishaje?

Hapo ndipo metafor inapoingia. Ni kifurushi cha R, lugha ya kompyuta ya kufanyia takwimu, kilichoandikwa na Wolfgang Viechtbauer wa Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, na makala yake ya kukitambulisha ilitoka 2010. R yenyewe ni ya bure, kifurushi ni cha bure, na ukishapakua mara moja hauhitaji intaneti tena. Kwangu hili lina uzito mkubwa. Bando likiisha naendelea, umeme ukikatika naendelea mpaka betri ya kompyuta iishe, na faili la kazi nzima ni mistari michache ya maandishi ninayoweza kumtumia mwenzangu Mwanza kwa WhatsApp akapata majibu yale yale mpaka desimali ya mwisho. Nimezitumia pia programu za kubofya, ikiwamo RevMan ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kukusanya ushahidi wa tiba, nayo ni chombo cha heshima: inakuongoza kama mwalimu, jedwali lake liko wazi, na anayeanza hawezi kupotea kirahisi. Lakini katika kubofya, njia uliyopitia haibaki imeandikwa. Katika metafor kila uamuzi una mstari wake. Mhakiki akiuliza kwa nini jaribio la saba lina alama ya kutoa, unamwonyesha mstari.

Amri ya kwanza utakayoizoea ni escalc. Unaipa wastani, mkengeuko sanifu (jinsi majibu ya watu yalivyotawanyika) na idadi ya watu wa kila kundi, inakupa athari ya kila jaribio na variansi yake, yaani kipimo cha jinsi athari hiyo isivyo na uhakika. Ya pili ni rma, inayojumlisha. Ya tatu ni forest, inayochora ule mchoro wa vistari, kimoja kwa kila jaribio, na almasi ya jibu la jumla. Kwa wengi kazi inaishia hapo, na inafanyika asubuhi moja.

Sifa yangu kubwa kwa Viechtbauer ni mambo aliyoyapanga yawe ya kawaida bila wewe kuomba. Rma hutumia njia ya REML kukadiria utofauti kati ya tafiti, wakati programu nyingi zilikaa miaka na miaka na njia ya DerSimonian na Laird ya 1986, ambayo majaribio yakiwa machache hukupa masafa ya uhakika (mipaka ambamo jibu la kweli huenda limo) membamba kuliko yanavyostahili. Ukiongeza marekebisho ya Knapp na Hartung, ambayo ni neno moja tu ndani ya amri, masafa yanakuwa ya kweli zaidi. Fani yetu ina majaribio madogo madogo, watu 30 hapa, 45 pale. Kwetu marekebisho hayo si anasa. Na amri ya predict inakupa masafa ya utabiri, yaani athari inaweza kuwa kiasi gani katika kliniki mpya isiyokuwemo kwenye hesabu. Kliniki yangu ni mojawapo ya hizo mpya, kwa hiyo hiyo ndiyo namba ninayoitafuta kwanza.

Nirudi kwenye hojaji.

Njia inayofundishwa kila mahali ni tofauti sanifu ya wastani. Unachukua tofauti kati ya kundi la mazoezi na kundi la kulinganisha, unaigawa kwa mkengeuko sanifu, na mizani inatoweka: SGRQ na CRQ zote zinakuwa namba zisizo na kipimo. Escalc inaifanya vizuri sana, tena inaongeza sahihisho la Hedges kwa majaribio madogo bila kuambiwa. Kisha watu wanafungua kanuni ya Cohen ya kupima ukubwa wa athari: 0.2 ni kiasi kidogo, 0.5 ni cha kati, 0.8 ni kikubwa. Makala inaandikwa, inachapishwa.

Tazama kinachotokea ndani. Chukua mfano wa majaribio mawili ya kubuni. Yote mawili mazoezi yamepunguza SGRQ kwa pointi 4. La kwanza lilichagua wagonjwa wanaofanana, mkengeuko sanifu ni 10. La pili liliwapokea wote waliofika, wazee kwa vijana, wagonjwa sana na wenye nafuu, mkengeuko ni 20. Tofauti sanifu ya la kwanza ni 0.4, ya la pili ni 0.2. Wagonjwa wamenufaika sawasawa kabisa, na karatasi inasema mmoja amepata mara mbili ya mwenzake. Kilichobadilika ni mlango wa kuingilia katika utafiti. Hospitali zetu zinapokea kila mtu, kwa hiyo majaribio ya aina yetu ndiyo yanayoonekana dhaifu kila mara kwa hesabu hii. Jambo hili linaniumiza, nalisema wazi, kwa sababu anayepanga bajeti ya mkoa anasoma namba ya mwisho tu.

Kuna na tabu nyingine mbili. Ya kwanza ni kuchanganya alama za mwisho na mabadiliko ya alama. Mkengeuko wa mabadiliko mara nyingi ni mdogo kuliko wa alama za mwisho, hivyo ukigawa kwa vipimo viwili tofauti katika jedwali moja, umeshaharibu. Ya pili ni mwelekeo. CRQ kupanda ni heri, SGRQ kupanda ni shari. Usipogeuza alama ya upande mmoja, faida ya huku itafuta faida ya kule na almasi itakaa karibu na sifuri. Metafor haitakuonya katika yote mawili, kwa kuwa haijui namba zako zimetoka katika hojaji ipi. Wanafunzi ninaowaelekeza nawataka waandike safu ya pembeni katika jedwali: jina la hojaji, mwelekeo wake, mizani yake, na kama ni alama za mwisho au mabadiliko. Asiye na safu hiyo simruhusu afungue R.

Njia ninayoipenda mimi ni kupima kwa kipimo cha mgonjwa mwenyewe. Mwaka 1989 Roman Jaeschke, Joel Singer na Guyatt walitafuta tofauti ndogo kabisa ya alama ambayo mgonjwa anaiona kuwa ni nafuu yenye maana. Kwa CRQ ni takriban 0.5 kwa kila swali. Kwa SGRQ imekubalika kuwa pointi 4, kwa CCQ 0.4. Mwaka 2010 Bradley Johnston na wenzake wakapendekeza tutumie tofauti hizo badala ya mkengeuko: gawa matokeo ya SGRQ kwa 4, ya CRQ kwa 0.5, na jumlisha hizo. Jibu linatoka kwa vizio ambavyo mtu anaweza kuvisema kwa mdomo.

Nionyeshe kwa namba za kweli. Mapitio ya Cochrane ya 2015 kuhusu mazoezi kwa wagonjwa wa njia za hewa zilizoziba yalikusanya majaribio 65 yenye watu 3,822. Katika SGRQ, mazoezi yalipunguza alama kwa 6.89, masafa ya uhakika ya asilimia 95 kutoka 4.52 hadi 9.26. Katika eneo la kukosa pumzi la CRQ yalipandisha alama kwa 0.79, kutoka 0.56 hadi 1.03. Ukizitazama hivyo, hakuna anayeweza kusema zinakubaliana au la. Gawa ya kwanza kwa 4: 1.72, kutoka 1.13 hadi 2.3. Gawa ya pili kwa 0.5: 1.58, kutoka 1.12 hadi 2.06. Hojaji mbili, mizani tofauti, maswali tofauti, na zote zinasema kwamba kwa wastani mgonjwa amepata zaidi ya mara moja na nusu ya kile kiasi ambacho angekiona mwenyewe. Hata ukingo wa chini wa masafa uko juu ya 1. Namba hizi ninaweza kuzibeba mpaka kwenye mkutano wa hospitali.

Na mpaka kwa mgonjwa. Mama mmoja mwuza vitumbua aliwahi kunisikiliza nikimweleza alama zake, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hizo pointi zenu, nitafika sokoni bila kusimama njiani?" Swali lake ndilo swali la utafiti wote huu. Kumjibu kwamba athari sanifu ni 0.4 ni kumdharau. Nilimjibu hivi: "Mama, wenzako wengi waliofanya mazoezi haya walijiona wamebadilika kweli, pumzi iliongezeka kiasi cha wao wenyewe kutambua. Tuanze, tutapima safari yako ya sokoni."

Nasema "wengi" kwa makusudi, sisemi "wote". Kizio kimoja cha wastani hakina maana kwamba kila mtu amevuka. Kinyume chake pia: wastani wa 0.6 hauna maana kwamba hakuna aliyenufaika, kwa kuwa ndani ya wastani huo wapo waliopata mara mbili na wapo ambao hawakupata kitu. Johnston na wenzake walipendekeza isomwe hivi: ikizidi 1, wengi huenda wamepata faida ya maana, kati ya 0.5 na 1, idadi ya kutosha huenda wamepata. Chini ya 0.5, si rahisi wengi wawe wamepata. Ni mwongozo, na wastani unahitaji kusomwa kwa utaratibu huo huo wa kutojigamba.

Katika metafor hakuna amri maalumu ya hesabu hii, na hiyo ni kasoro ndogo, lakini kuifanya ni rahisi. Unapata tofauti ya wastani ya kawaida kwa escalc, unagawa athari kwa kizio cha hojaji husika, na unagawa variansi kwa kizio hicho kilichozidishwa kwa chenyewe. Kwa SGRQ athari inagawanywa kwa 4, variansi kwa 16. Nimekuta kazi zilizogawa vyote viwili kwa 4, masafa yakatoka mapana ajabu na mwandishi akahitimisha kwamba ushahidi hautoshi. Kisha rma inajumlisha bila kinyongo.

Jambo linalonifanya nisiiache metafor kwa programu nyingine ni hili linalofuata. Milo Puhan na wenzake walionyesha 2006 kwamba CRQ huyahisi mabadiliko zaidi kuliko SGRQ. Zikipelekwa kwa mkengeuko sanifu, hojaji moja inaonekana na athari kubwa kuliko nyingine kwa tiba ile ile. Kwa hiyo kabla sijazichanganya nataka kujua kama hojaji yenyewe ndiyo inayoleta utofauti. Katika metafor unaongeza jina la hojaji kama kielezi (kitu kinachoweza kueleza utofauti) ndani ya rma, na mara moja unaona kama SGRQ na CRQ zinatofautiana na ni sehemu gani ya utofauti inaelezwa na hilo. Na yale majaribio mawili yaliyotumia hojaji zote? Huwezi kuyaingiza mara mbili kana kwamba wagonjwa wake ni watu wapya. Rma.mv inabeba hali hiyo, ikisaidiwa na vcalc inayotengeneza makadirio ya jinsi majibu ya mtu mmoja yanavyofuatana. Inahitaji kusoma, na siku ya kwanza itakuchosha, lakini ninazijua programu za kulipia ambazo hazikupi hata mlango wa kuingilia hapo.

Uwiano wa wastani, yaani wastani wa kundi moja kugawanywa kwa wa jingine, pia upo, kwa anayeutaka. Ni mzuri kwa umbali wa kutembea kwa dakika sita, ambao una sifuri ya kweli. Kwa CRQ inayoanzia 1 hauna maana, na metafor itaukokotoa hata hivyo bila kusema neno.

Hali kadhalika utafiti wa Uganda. Ulipima watu walewale kabla na baada, bila kundi la kulinganisha. Escalc ina vipimo vya kabla na baada, kwa hiyo kishawishi cha kuutumbukiza katika jedwali moja na majaribio ya Ulaya ni kikubwa, hasa kwetu tunaotamani Afrika Mashariki ionekane kwenye mchoro. Nauweka katika jedwali lake peke yake na kuujadili kwa maneno. Mtu anayekuja kliniki akiwa katika hali mbaya kabisa mara nyingi angepata nafuu kidogo hata bila mazoezi, na hakuna kundi la kutuonyesha ni kidogo kiasi gani.

Kasoro nyingine za metafor. Mchoro wa forest unaotoka bila kurekebishwa ni wa kawaida mno, na tafiti zikizidi ishirini maandishi yanabanana mpaka ukae na vipimo vya ukurasa. Ujumbe wa makosa na mwongozo wote ni kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha watakwimu. Anayetoka wodini bila msingi wa R atahitaji mtu wa kukaa naye wiki za mwanzo, hakuna vitufe. Kwa upande mwingine, kila neno juu ya mchoro linabadilishika. Yangu nayaandika kwa Kiswahili: "Mazoezi yana nafuu" upande mmoja, "Huduma ya kawaida ina nafuu" upande wa pili, na chini, "Vizio vya tofauti ndogo yenye maana", pamoja na mstari wa nukta juu ya 1. Wauguzi na maofisa tabibu wanausoma wenyewe, na maswali yao yamekuwa makali kuliko ya wahakiki wengi.

Tovuti ya mradi nayo inastahili sifa. Viechtbauer amechukua makala na vitabu vya meta-analisisi vilivyochapishwa na kurudia hesabu zake mstari kwa mstari, msomaji afuate na kulinganisha.

Ukitaka kuijaribu, usianze na data yako. Pakia metafor kisha ita dat.bcg, majaribio 13 ya chanjo ya BCG dhidi ya kifua kikuu yanayokuja pamoja nayo. Kokotoa uwiano wa hatari ya kuugua kati ya waliochanjwa na wasiochanjwa, jumlisha, kisha rudisha jibu kutoka kwenye logi: utapata 0.49, kutoka 0.34 hadi 0.70, na utofauti kati ya tafiti wa zaidi ya asilimia 90. Halafu ongeza latitudo kama kielezi. Sehemu kubwa ya utofauti ule, takriban robo tatu, itaelezwa na umbali kutoka ikweta, chanjo ikielekea kukinga vizuri zaidi mbali na ikweta, na bila kinga yoyote katika jaribio la Madras, India. Ukishalielewa zoezi hilo, weka hojaji pale palipokuwa latitudo, na uingize majaribio yako.